Naima Likwata na Mpiga Ishara Wake

Kwa mwaka mmoja na miezi kadhaa hakuna mtu aliyesema na Naima Likwata mara nyingi zaidi ya Amiri, na hakuna mtu ambaye Naima alimchukia zaidi yake. Sauti ya Amiri ilimwingia sikioni kwa redio ya mawasiliano tangu saa moja asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni. Pandisha. Taratibu. Zungusha kushoto. Shusha. Simama. Naima, akiwa juu kwenye kibanda cha kreni, alifanya alivyoambiwa, kisha akajibu neno moja tu: "Nimesikia." Jioni alishuka kwa ngazi yake, Amiri akaondoka kwa njia yake, na kama walikutana kwenye bomba la maji mmoja alingoja mbali mpaka mwenzake amalize kunawa.

Wenzao kazini walidhani ni mtu na mtalaka wake. Haikuwa hivyo. Walikuwa ndugu.

Baba yake Naima, Mzee Likwata, alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani pale Kikole, na shambani alikuwa na mikorosho themanini aliyoipanda kwa mkono wake. Hakujaliwa mtoto ila Naima. Mdogo wake alipofariki, Mzee Likwata alimchukua mtoto wa marehemu, ndiye huyo Amiri, akamlea nyumbani kwake. Amiri alikuwa na miaka kumi, Naima mitatu. Walikula sahani moja. Bi Somoe, mama yake Naima, ndiye aliyemfunga Amiri jeraha alipojikata mguu kwa panga, na ndiye aliyemfulia kanzu ya kwenda chuoni.

Naima alipokua alikwenda Mtwara kwa shangazi yake, akapata kibarua cha kufagia maghala bandarini. Huko alimkuta opareta mmoja mtu mzima, Boniface, aliyekuwa akiendesha kreni kana kwamba anamlaza mtoto mchanga. Naima alimwandama yule mzee mpaka akamfundisha: kwanza folkilifti ya kubebea magunia ya korosho, kisha kreni ndogo, kisha akamsimamia mpaka akapata cheti. Alikuwa katika mtihani wa mwisho siku habari ilipofika kwamba baba yake amefariki. Alifika Kikole wameshazika.

Siku ya arobaini, watu wakiwa bado wamekaa mikekani, Amiri alitoa karatasi mfukoni. Karatasi ilisema kwamba Mzee Likwata, akiwa na akili timamu, amempa Amiri shamba lote la mikorosho kama zawadi kabla ya kufa. Chini yake palikuwa na alama ya dole gumba.

Bi Somoe aliichukua ile karatasi. "Mume wangu alifundisha watoto wa kijiji hiki kuandika kwa miaka thelathini," alisema. "Leo amesahau kuandika jina lake?"

"Alikuwa mgonjwa, mama," Amiri alijibu. "Mkono ulikuwa umekufa ganzi."

"Mimi ndiye niliyekuwa namlisha. Mkono ulikuwa mzima."

Lakini mashahidi wawili waliapa, na wazee wa baraza wakaona hilo ni jambo la ndani ya ukoo. Cha ajabu ni kwamba Amiri alikuwa na fungu lake halali. Kwa hesabu ya mirathi, marehemu akiacha mke, binti mmoja na mtoto wa ndugu yake, huyo mtoto wa ndugu hupata kilichobaki, na kilichobaki hapo kilikuwa mikorosho thelathini. Angengoja angepewa mbele ya watu wote, kwa heshima. Alitaka themanini.

Bi Somoe alifunga mzigo wake akarudi kwao Sudi, kwa kaka yake. Hakulia. Alipokuwa anapanda gari alimwambia Naima, "Watu watakuja kukubembeleza usamehe. Wewe samehe lako ukipenda. Langu usilisamehe kwa niaba yangu."

Naima hakusamehe lolote.

Miaka minne ikapita. Naima akasikia kwamba kuna kampuni inatafuta maopareta Kilwa Masoko. Bara, kwenye korongo la Nakilembo, mwendo wa siku nzima kwa gari ukipita Nangurukuru, lilikuwa limejengwa bwawa kubwa la umeme, na ukuta wake ulikuwa umekata mto. Boti zilizokuwa zikipanda na kushuka na mizigo zilikwama kila upande. Sasa serikali ilitaka ijengwe lifti ya meli pembeni mwa ukuta. Mabamba ya chuma yalikuja kwa bahari mpaka Kilwa, na kwa kuwa korongoni hapakuwa na uwanja wa kutosha, yaliunganishwa hapohapo Masoko kuwa vipande vikubwa, kisha yakapelekwa bwawani juu ya malori ya magurudumu mengi.

Wavuvi wa Songo Mnara waliokuja sokoni walikuwa wakisimama kwenye uzio kutazama. Siku moja mmoja wao, Iddi, alimuuliza msimamizi wa kazi lile dude ni kitu gani. Msimamizi aliitwa Dominick, mtu wa milimani Kipatimu, mfupi, mwenye maneno machache.

"Ni beseni," Dominick alisema. "Meli inaingia ndani na maji yake, tunafunga mlango, beseni zima linapandishwa kwa kamba za waya mpaka juu ya bwawa. Mlango wa pili unafunguliwa, meli inakwenda zake."

"Na ikiwa meli nzito?"

"Meli ikiingia inasukuma nje maji yenye uzito sawa na wake. Beseni halijui kama limebeba meli au maji matupu."

Iddi alicheka, akasema watu wa bara wakikosa bahari wanajenga ya kuning'iniza. Lakini alirudi kutazama kesho yake, na kesho kutwa.

Naima alikuwa na wiki tatu pale Dominick alipomletea mpiga ishara mpya. Kazi ya mpiga ishara ni kuwa macho ya opareta, kwa sababu mtu aliye juu haoni kilicho nyuma ya mzigo wala chini yake. Dominick alisema huyu amefanya kazi bandarini Dar es Salaam na anasifiwa. Naima aligeuka, akamwona Amiri amesimama na helmeti mkononi, amenenepa kidogo shingoni.

Amiri hakushtuka. Huenda alikuwa ameshaambiwa. Alingoja, na Naima alipokosa kumwamkia alisema kwa sauti ya kusikiwa na watu wote, "Siku hizi Mtwara hawafundishi shikamoo kwa kaka?"

"Shikamoo wanapewa wakubwa," Naima alisema. "Wewe umezidi miaka tu."

Mafundi waliokuwa karibu waliacha kuchomelea. Amiri alivaa helmeti yake polepole, akafunga kamba chini ya kidevu. "Haya," alisema. "Twende kazini."

Naima alimfuata Dominick mpaka kwenye kontena lake, akamwomba abadilishiwe mtu. Alimweleza habari yote, ya karatasi na dole gumba na mama yake aliyerudi Sudi. Dominick alisikiliza huku anatafuna muhogo wa kuchoma.

"Dada, pole sana," alisema alipomaliza. "Lakini mimi sikuajiri ukoo. Nimeajiri opareta na mpiga ishara. Anajua kazi?"

"Bado sijamwona."

"Mwone kwanza. Akikosea uniambie, nitamfukuza siku hiyohiyo."

Basi Naima akaanza kumwinda. Kila asubuhi alipanda kibandani akiomba Amiri akosee: aseme kushoto badala ya kulia, achelewe, au asimame mahali asipostahili kusimama. Naye Amiri, Naima alilijua hilo bila kuambiwa, alikuwa akimngoja yeye. Alingoja mzigo ushuke kwa kishindo, alingoja kamba ibembee. Kila mmoja alimsikiliza mwenzake kama hakimu anavyomsikiliza mwizi. Na kwa sababu hiyo hawakukosea. Vipande kumi na vinne vya beseni, kila kimoja tani arobaini, vilinyanyuliwa Masoko vikalazwa juu ya malori bila hata rangi kuchubuka. Wahandisi wageni walikuja wakawapiga picha. Kila mmoja alipigwa peke yake, kwa kuwa wote wawili walikataa kusimama pamoja.

Kabla ya kuhamia bwawani Naima alipata likizo ya siku tano, akaenda Sudi. Alimkuta Bi Somoe amekaa uani kwa kaka yake, anabangua korosho za mtu mwingine. Alipoambiwa Naima anafanya kazi na nani, mkono wake haukusimama.

"Anasemaje?"

"Anasema pandisha, shusha."

"Kuhusu shamba?"

"Hatujaongea."

"Amekata mikorosho mitatu," Bi Somoe alisema. "Ile iliyokuwa karibu na kisima. Amepata uwanja wa kufyatulia tofali. Nimeambiwa na mtu aliyeona." Aliitupa korosho iliyooza kando. "Wewe uko juu, yeye yuko chini, na chuma tani ngapi kati yenu?"

"Arobaini."

Bi Somoe alichukua korosho nyingine. Lakini Naima alirudi bara na usemi ule, na ulikaa naye.

Korongo la Nakilembo lilikuwa mahali pabaya. Jua liligonga ukuta wa zege asubuhi likarudi usoni mchana kutwa. Nzi wa mtoni waliingia puani. Na baada ya saa tisa upepo ulitoka juu ya maji ya bwawa ukashuka korongoni kwa nguvu, kama kitu kilichofunguliwa. Minara miwili ya zege ilisimama ubavuni mwa ukuta, na kati yake ndipo beseni lilipotakiwa kuunganishwa, kipande baada ya kipande. Kreni ilikuwa juu kabisa. Naima aliona anga, mlima na kichwa cha kamba yake. Kila kilichokuwa chini kati ya minara alikiona kwa mdomo wa Amiri.

Hapo ndipo alipotambua kwamba anamtegemea. Hilo lilimuudhi kuliko shamba. Mtu aliyeweka dole gumba la uongo juu ya jina la baba yake akisema "sentimita kumi", Naima alishusha sentimita kumi, na zilikuwa kumi kweli. Hakuwahi kumdanganya hata sentimita moja. Jioni Naima alilala kitandani akijiuliza inakuwaje mtu awe mkweli kwa chuma na mwongo kwa watu, akageukia ukutani kwa hasira.

Kipande cha kumi na moja kilipangiwa asubuhi. Lori lilichelewa. Kilipofungwa silingi za kunyanyulia ilikuwa saa tisa na nusu, na kile kidude kinachopima upepo juu ya kreni kilikuwa kimeshaanza kuzunguka kwa fujo. Naima alitazama namba kwenye kioo chake.

"Dominick," alisema redioni, "upepo umepita kiwango."

Kisha Dominick akasema, "Nimeongea na meneja wa eneo. Anasema tumechelewa siku nne. Kipande kishuke leo. Nenda taratibu."

"Umepita kiwango," Naima alirudia.

"Nimesikia, dada. Nenda."

Angeweza kukataa. Baadaye alijilaumu kwa hilo zaidi ya kitu kingine chochote. Lakini alikuwa mwanamke pekee kwenye kreni za kampuni ile, na alijua kwamba akikataa wataandika kuwa ameogopa. Akanyanyua.

Kipande kilipita juu ya mnara vizuri. Kilipoingia kati ya minara, Amiri alianza: "Shusha. Shusha. Taratibu. Shusha." Chini kulikuwa na wanaume wanne walioshika kamba za kuongozea kipande kisizunguke. Upepo ukashuka korongoni. Naima aliuhisi kwanza kwenye kiti, kibanda kizima kikayumba, na wakati uleule Amiri akasema, "Simama." Hakupiga kelele. Alisema kama alivyosema siku zote. Naima alifunga breki. Kamba ilisimama palepale, lakini tani arobaini za chuma zikiwa na upepo mgongoni hazina breki. Kipande kilizunguka robo duara, kikagonga ukuta wa mnara, na kati ya chuma na ukuta palikuwa na mguu wa mtu.

Alikuwa Rashidi, kijana wa Lindi mjini, mwenye watoto wawili. Naima hakuona kitu. Alisikia tu sauti ya Amiri, ileile, haijapanda wala haijashuka: "Kulia nusu. Nusu tena. Simama. Shikilia hapo. Usiguse kitu." Akashikilia kwa dakika ishirini na tano, jasho linamtoka mpaka viatuni, huku watu chini wanamtoa Rashidi. Mguu uliokolewa, ila goti halikukunjika tena.

Jioni ile Dominick alimfuata Naima mezani kwenye kantini, akakaa bila kukaribishwa. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Kesho ofisa usalama atawahoji," alisema. "Mama Flora amekuja kutoka makao makuu. Atataka kujua kosa la nani."

"Upepo ulikuwa umepita kiwango. Nilikwambia."

"Upepo ukitajwa, nimekwisha mimi, na meneja atakana kwamba aliniambia. Nina watoto wanasoma." Aliinamisha kichwa karibu. "Dada Naima, wewe na huyu jamaa mna yenu. Amekudhulumu, nimekusikia mwenyewe. Sema alichelewa kutoa ishara. Neno moja tu. Yeye anaondoka, wewe unabaki, na hakuna atakayeuliza habari za upepo."

Naima aliitazama sahani yake ya wali na maharage. Hakuweza kusema kwamba hakushawishika. Aliona Amiri akishuka na begi lake kwenda kituo cha magari. Aliona uso wa mama yake akiambiwa.

"Toka mezani kwangu," alisema.

Asubuhi Mama Flora alimpokea ndani ya kontena lililowekwa feni. Alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani iliyoning'inia kwa mnyororo, na sauti ya mwalimu mkuu aliyechoka. Mbele yake palikuwa na karatasi zilizoandikwa tayari.

"Nimeshamhoji mpiga ishara," alisema. "Nitakusomea alichosema, halafu utaniambia lako. Anasema: niliona kipande kinaanza kuyumba nikatoa ishara ya kusimama mara moja, opareta hakusimama, alisimama baada ya kama sekunde nne, mzigo ukiwa umeshashuka karibu mita moja. Anasema wewe hukuwa makini naye kwa sababu mna ugomvi wa kifamilia." Aliivua miwani. "Unasemaje?"

Damu ilimpanda Naima mpaka masikioni. Kumbe Dominick alizunguka meza mbili na neno lilelile. Na Amiri, aliyekula sahani moja naye, hakukataa.

Mlango wa kulipiza ulikuwa wazi kabisa. Angesema hakusikia ishara yoyote mpaka mzigo ulipogonga. Neno lake dhidi ya neno la mwongo.

"Alitoa ishara kwa wakati," Naima alisema. "Upepo ulipopiga, palepale. Nami nilifunga breki palepale. Sekunde nne hazikuwepo. Kosa ni kunyanyua. Upepo ulikuwa umepita kiwango, nilisema redioni mara mbili, nikaambiwa niendelee. Nami nilipaswa kukataa, sikukataa. Hilo liandike."

Mama Flora aliandika mpaka mwisho. "Umesikia alivyosema juu yako?"

"Nimesikia."

"Na bado unamtetea."

"Simtetei, mama. Huyu mtu amemdhulumu baba yangu akiwa kaburini. Namchukia, na nitamchukia mpaka nife. Lakini mwongo katika ukoo wetu anatosha mmoja. Na tena siku nitakayosimama naye mbele ya baraza la ardhi, sitaki awe na neno hata moja la kweli la kunishitaki nalo."

Mama Flora alimtazama, kisha akamwambia kitu ambacho Naima, kwa kiburi cha siku ile, hakuwa amekifikiria: kreni ile ilikuwa na kompyuta iliyoandika kila breki, kila upepo na kila neno la redioni, dakika na sekunde zake. Mafundi walikuwa wanaisoma.

Majibu yalitoka baada ya siku mbili. Breki ilifungwa chini ya sekunde moja tangu ishara. Upepo ulikuwa umepita kiwango kwa robo nzima. Amiri alifukuzwa, si kwa ajali bali kwa maelezo ya uongo. Dominick alishushwa cheo akapelekwa kuhesabu saruji. Meneja wa eneo aliyetoa amri alihamishiwa mradi mwingine, mkubwa zaidi, kama inavyokuwa kwa watu wa namna yake.

Asubuhi ya kuondoka Amiri alisimama njiani karibu na ngazi ya kreni. Naima alipokuja hakumpisha.

"Nimesikia ulichoandikisha," Amiri alisema.

"Vizuri."

"Ulitaka nikushukuru?"

"Nataka unipishe."

"Ungesema kama mimi, tungeondoka wote sawa. Sasa unajiona msafi." Alitema mate kando. "Ulikuwa hivyohivyo tangu mtoto. Kila kitu ulipewa wewe. Chuo, jina, shamba. Mimi nilipewa nguo zilizokwisha kuvaliwa na maneno ya kumshukuru mzee. Nilimlimia miaka kumi na tano. Wewe ulikuwa Mtwara."

Hilo lilikuwa kweli, na Naima alilijua. Lilimchoma kwa sababu hiyo.

"Ungesema hivyo siku ya arobaini," alimjibu, "huenda mama angekupa zaidi ya thelathini. Uliamua kusema kwa dole la maiti."

Amiri aliokota begi lake. Kisha akapita, bega lake likamgonga.

Mpiga ishara aliyeletwa baada yake aliitwa Mikaeli, mtu mpole wa Lindi, mwenye kusali sana na kuchelewa kidogo. Alisema "kulia, yaani, samahani, kushoto". Vipande vitatu vilivyobaki viliwachukua wiki sita. Naima alijikuta, bila kumwambia mtu, anamtafuta adui yake masikioni. Hakumtamani Amiri mwenyewe arudi. Alikosa ule uhakika wa kusikilizwa na mtu anayekungoja uanguke.

Lifti ilijaribiwa mwezi wa Juni. Boti ya mbao iliyopakia magunia ya mchele iliingia kwenye beseni, mlango ukafungwa, na dude lote, maji na boti na nahodha mwenye wasiwasi, likapanda polepole kati ya minara bila kutikisika. Watu walipiga vigelegele. Naima aliyekuwa miongoni mwao alimtafuta Rashidi kwa macho, akamwona amekaa juu ya jiwe, mguu umenyooka mbele yake kama wa mtu mwingine. Alikwenda akakaa naye.

Mkataba ulipokwisha, alipeleka shauri la shamba kwenye baraza la ardhi la wilaya. Alichukua daftari za chuo cha baba yake, zenye sahihi yake mpaka wiki ya mwisho ya uhai wake. Safari hii mmoja wa mashahidi wa Amiri alikuwa amefariki, na wa pili, Alfani, alipoonyeshwa daftari zile alianza kusahau mambo. Baraza lilitengua ile karatasi na kuamuru shamba ligawanywe kwa mirathi: nusu kwa binti, thumuni kwa mjane, kilichobaki kwa Amiri.

Kabla ya siku ya kugawa, Amiri aliingia na msumeno wa mashine akaangusha mikorosho minane mingine, yenye maua. Ofisa wa baraza alipofika alivikuta visiki vinatoa utomvu. Hakubishana na mtu. Aliihesabu pamoja na ile mitatu ya kwanza, akaitoa yote kumi na mmoja kwenye fungu la Amiri, akaendelea na kazi.

Naima alifikiri mama yake angetaka kukaa katikati ya shamba, karibu na kisima, mbali na huyo mtu. Bi Somoe alikataa. Alizunguka mpaka mzima kwa miguu, akachagua mahali penye kichaka, hatua kumi tu kutoka nyumba mpya ya tofali ya Amiri, akaamuru nyumba yake ijengwe pale na mlango wake uelekee kule.

"Mama, utamwona kila siku," Naima alimwambia.

"Yeye ndiye atakayeniona," Bi Somoe alisema. "Mimi macho yangu yameshapungua nguvu."

Naima alikaa naye wiki mbili, mpaka paa likaisha. Kampuni nyingine ilikuwa imempigia simu kutoka Tanga, walitaka opareta wa kuinua mabomba. Asubuhi aliyoondoka, Amiri alikuwa uani kwake anapiga mswaki. Bi Somoe alikuwa ameshatoa kiti chake nje, amekaa, uso umeelekea ng'ambo ya mpaka, anabangua korosho zake mwenyewe.